Jibu: Kupata wageni wanaofaa kwenye mkutano wa wafanyabiashara Kisumu

Dada, umeuliza utawapataje wageni wa maana kwenye jioni yako ya wafanyabiashara wadogo, maana bango la mara ya kwanza lilileta waliofuata soda na sambusa. Mimi ningeanza na hili: nani anamhitaji nani? Mama muuza samaki wa Dunga anatafuta barafu na usafiri. Mwenye hoteli Milimani anatafuta samaki wa uhakika kila wiki. Waweke meza moja na mwenye pikapu, biashara itaanza usiku huo huo. Kwa hiyo andika majina thelathini, umpigie kila mmoja simu, na umwambie wazi atamkuta nani pale. Bango haliwezi kazi hiyo.

Jumapili iepuke kabisa, wafanyabiashara wa soko la Kibuye wako kwenye siku yao kubwa. Ada ndogo weka, hata shilingi 200 kwa M-Pesa. Nilipoandaa yangu Nakuru bila ada, nusu ya walioahidi hawakuonekana, na iliniuma sana.

Na mawakala wa bima na mikopo, wawili wanatosha. Wakizidi, wenye maduka huondoka mapema.