Usimpe fundi hiyo bastola ya mzee

Mkuu, ishia hapo hapo. Umeandika kwamba mzee amefariki mwezi uliopita, kwenye sanduku lake mmekuta bastola ya zamani ya kulengea shabaha imeshika kutu ndani ya ala ya ngozi, wadogo zako wanaifyatua tupu, na kesho unaipeleka kwa fundi wa Mwanjelwa aliyeahidi kuing'arisha iwe kama imetoka dukani, halafu ndipo mwende polisi. Ukauliza pia bei yake na risasi zinapatikana wapi. Pole sana kwa msiba, lakini kesho usiende kwa huyo fundi. Mimi nilienda, nikalia.

Baba alikuwa karani kwenye shamba la chai Mufindi. Bastola yake aliuziwa miaka ya sabini na mkulima wa tumbaku wa Iringa, Mgiriki, aliyekuwa akihama nchi, na waliandikishana kwa leseni. Ni Colt Woodsman ya Marekani, ya risasi ndogo za .22. Aliyeibuni ni John Browning. Ilianza kutengenezwa 1915, jina la Woodsman likaja 1927, na kiwanda kiliacha kuitoa 1977. Mtutu wake ni mrefu na mwembamba, kitako kimelala kwa nyuma kikikaa vizuri mkononi. Nilikuja kuyajua haya yote baada ya kuiharibu.

Tulipomaliza arobaini, baba mdogo akaniambia: "Isafishe kwanza, ukiipeleka na kutu watasema familia ni wazembe." Nikamwamini kwa sababu ni mtu mzima na aliwahi kuwa mgambo. Fundi akaifunga kwenye jiliwa, akawasha gurudumu la kitambaa lililopakwa dawa ya kung'arishia. Hakukuwa na cheche. Lilitoka vumbi jeusi tu, likatua kwenye mikono yake, naye akawa anatabasamu kwamba uchafu unatoka.

Lile halikuwa uchafu. Ule weusi wenye ubluu unaouona kwenye bastola za zamani si rangi iliyopakwa. Ni chuma chenyewe kilichobadilishwa juujuu kiwandani kikawa tabaka la oksidi, jembamba mno, ambalo kwa asili ni ndugu wa kutu. Ndiyo maana kila kinachokula kutu kinakula na weusi huo: siki, ndimu, soda, dawa ya kutolea kutu, msasa. Huwezi kumwambia siki ale kutu aache weusi. Na wanaokusanya silaha za zamani hutazama weusi wa kiwandani kabla ya kitu kingine chochote. Iliyochakaa kwa umri wake wanaipenda kuliko iliyong'arishwa upya, na tofauti ya bei ni kubwa kweli kweli.

Lakini kilichoniuma zaidi si pesa. Pembeni mwa kitako, pale dole gumba linapokaa, palikuwa na doa jeupe la ukubwa wa punje ya hindi. Baba ndiye aliyelifanya, kwa miaka yote ile aliyoishika. Nilikuwa nikiliona tangu nikiwa mtoto, akiifuta mezani chini ya taa ya chemli. Fundi alilifuta kwa nusu dakika. Leo bastola nzima ni nyeupe, doa la baba huwezi kulitofautisha na mahali pengine.

Sasa sikia lililonigharimu. Ubavuni palikuwa na namba ya silaha. Kabla ya fundi ilisomeka vizuri, imejaa mafuta na vumbi lakini inasomeka. Baada ya fundi, tarakimu mbili za mwisho ukipitisha ukucha haukwami. Moja ingeweza kuwa 3, ingeweza kuwa 8. Nikaingia kituoni nikiwa na amani, nikajieleza kwamba ni ya marehemu na nimeleta kusalimisha. Askari akapaka chaki kwenye namba, akamulika kwa tochi kutoka pembeni, akaniangalia usoni. "Nani amefuta hii?"

Mkuu, silaha iliyofutwa namba inaonekana kama silaha ya mhalifu. Askari yule hakuwa na kosa, angefanya nini? Nilitoa maelezo kuanzia asubuhi hadi taa za nje zikawashwa. Na nilipotaja fundi nikaongeza la pili: kumbe nilimkabidhi silaha mtu asiye na kibali cha kushika silaha, nikaitembeza mjini mimi mwenyewe nisiye na leseni. Leseni ya baba iliisha naye. Bastola hairithiwi kama ng'ombe au shamba la miti. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka kila anayemiliki awe na leseni yake mwenyewe, na mrithi anaomba upya kuanzia chini.

Ikapelekwa kwa wataalamu. Kilichoniokoa ni mambo mawili. La kwanza, namba inapogongwa kiwandani, chuma kilicho chini yake kinabanwa hata pale usipopaona, na tindikali ikipakwa taratibu sehemu iliyobanwa inaliwa tofauti na nyingine, namba inachomoza kama kivuli. La pili, mama alikuwa amehifadhi leseni ya zamani ndani ya Biblia, ina namba kamili. Bila karatasi ile nisingekuwa hapa nakuandikia. Hata hivyo ilipita miezi kumi na nne, na nauli za Mafinga kwenda Iringa nilishaacha kuzihesabu.

Na baba mdogo? Siku ile hakupokea simu. Baadaye akasema yeye alimaanisha "kupangusa". Fundi naye alishika pesa yangu akaniambia kazi imependeza. Mtu wa kuchomelea mageti apewe mageti! Huyo wako hajui namba ya silaha ni nini, anaona mikwaruzo tu, na mikwaruzo ndiyo anayolipwa kuondoa.

Kwa hiyo namba kwanza. Isiguswe na siki, isiguswe na msasa, isiguswe na mtu yeyote mpaka polisi wameisoma kwa macho yao na kuiandika. Ipige picha pale pale ilipo, ubavu wa kulia, wa kushoto na chini ya kitako. Tafuta leseni ya mzee kwenye kila bahasha, kila Biblia, kila mfuko wa koti. Usiibebe kwenye daladala. Nenda na mwenyekiti wa mtaa hadi kituoni mtoe taarifa kwanza, wao ndio waseme itafikaje. Mahakamani mkishampata msimamizi wa mirathi, silaha hiyo nayo itajwe.

Na wale wadogo zako wanaoifyatua tupu ili wasikie mlio, wakataze leo. Risasi ya .22 hupigwa ukingoni mwa kitako chake, kwa hiyo ikikosekana, pini ya kufyatulia ya silaha nyingi za namna hii inagonga ukingo wa chemba, lile tundu inamokaa risasi, na kuuchonga. Hata kama mnaamini haina risasi, hamna uhakika: kuna risasi inayobaki ndani ya chemba magazini ikiwa imeshatolewa.

Kutu kingoje. Ukishapata leseni, utapaka mafuta ya cherehani, utaacha siku kadhaa, utafuta kwa kitambaa cha pamba, utarudia. Ile ala ya ngozi usiirudishie, ngozi inanyonya ukungu wa huku kwetu na kuushikiza kwenye chuma. Ya baba ilishika kutu humo humo ndani ya ala.

Usiku huu tafuta ile karatasi. Anzia kwenye Biblia ya mama.