Bamba la tumbo la Prado: ubapa kwanza, unene baadaye

Ndugu yangu, umeuliza kama bamba la milimita 3 la kukinga tumbo la gari dhidi ya mawe litatosha chini ya Prado yako, na kama fundi alichomelee moja kwa moja kwenye chesisi. Niko Nakuru, nina Prado ya umbo kama lako, na bamba lililo chini yake sasa ni la pili. Naanza na lile la kwanza, maana ndilo lililonifunza.

Lilikuwa la chuma cha milimita 6, linakinga sampu ya injini (bakuli la oili lililo chini yake) tu na kuishia mbele ya boriti inayobeba giaboksi. Siku moja kwenye mawe ya lava upande wa Menengai, gurudumu la mbele lilipanda jiwe, likashuka, na jiwe likateleza vizuri chini ya bamba hadi mwisho wake. Hapo likagonga ile boriti, ambayo ilishuka chini ya bamba kwa sentimita 4 hivi. Gari likasimama, tairi za nyuma zinachimba, jiwe limekaza kama kabari. Ilituchukua karibu saa mbili na jeki ndefu kulitoa. Tulipochungulia chini, bamba lilikuwa zima, halina hata kibonyeo. Kilichotukwamisha ni kile kidato.

Kwa hiyo kabla ya unene, fikiria ubapa. Jiwe likishaingia chini ya bampa lisikutane na ukingo wowote hadi lipite transfa, yaani kisanduku cha gia kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kipande cha mbele kipinde kuelekea juu kama pua ya mtumbwi, kisha kila kitu kiwe usawa mmoja na sehemu iliyo chini kuliko zote, ambayo kwangu ni ile boriti. Ukitumia vipande viwili, kama nilivyofanya mimi, ukingo wa nyuma wa kipande cha mbele ukae chini ya ukingo wa mbele wa kile cha nyuma. Ukivilaza kinyume, bamba litachota mawe kama sepetu. Ukirudi kinyumenyume huo ukingo unaweza kushika, kwa hiyo usage kwa grainda uwe mwembamba.

Sasa unene. Chuma cha milimita 1 kina uzito wa karibu kilo 7.85 kwa kila mita moja ya mraba. Vipande vyangu vyote viwili vya sasa kwa pamoja ni sentimita 60 kwa 140, yaani kilo 26 hivi kwa milimita 4, na karibu kilo 40 kama ningerudia milimita 6. Lakini ukakamavu haupandi kama uzito: ukiongeza unene mara mbili, bamba linapinga kupinda mara nane. Ndiyo maana milimita 4 inapita milimita 3 zaidi ya mara mbili. Milimita 3 naiona nyembamba kwa mawe ya huku, labda uikaze kwa mbavu, yaani vipande vyembamba vya chuma vya kuimarisha, upande wa juu. Alumini ni nyepesi sana, karibu theluthi moja ya chuma, ila ni laini na jiwe huishika badala ya kuteleza. Kwangu mimi, chuma.

Hizo mbavu zichomelewe kwa vipande vifupi, huku na kule, ukiacha bamba lipoe. Fundi wangu wa kwanza alivuta mshono mmoja mrefu na bamba likajikunja kama kiganja. Tulihangaika kulinyoosha kwa presi.

Usikubali lichomelewe kwenye chesisi. Utahitaji kulishusha ili ufikie giaboksi, uoshe matope, utazame oili inayovuja. Lifungwe kwa bolti, ukianza na matundu yenye nyuzi ambayo kiwanda kiliacha. Ikilazimu kuchomelea shikizo mahali, kata betri kwanza, na waya wa athi (ule wa mashine ya kuchomelea unaorudisha umeme) ukae karibu kabisa na pale panapochomwa.

Kupima kwenyewe ni rahisi. Kata katoni kubwa, paka grisi kidogo kwenye vichwa vya bolti na kwenye kifuniko cha kumwagia oili, kisha lala chini na uisukume katoni juu kwa viganja viwili. Kila doa la grisi ni tundu lako. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya bamba na sampu, kwa sababu bamba litabonyea na injini nayo hucheza kwenye maundi zake, yaani vile vishikilio vya mpira inavyokalia.

Usifunike ekzosi. Ukipita kwenye majani makavu, kama yale ya mashamba ya ngano kule Mau Narok, simama uchungulie: majani yakijikusanya juu ya bamba karibu na bomba la moto, gari linaweza kuungua. Toboa matundu ya hewa na ya kutolea maji.

Bolti zangu ni za kichwa cha kuzama. Bamba la milimita 4 halitoshi kuficha kichwa cha bolti ya milimita 10, kwa hiyo nyuma ya kila tundu tulichomelea kiduara cha chuma, kisha tukachimba vyote viwili pamoja. Halafu nikajaza grisi kwenye tundu la ufunguo la kila bolti, maana tope likikaukia humo ufunguo hauingii. Juzi nikibadilisha oili ya giaboksi nilichokonoa grisi hiyo kwa msumari, na bolti zote nane zikalegea bila nyundo.