Maswali na majibu: Je, ni kweli gundi ya Mosquito iliyeyuka Burma?

SWALI: Mimi ni fundi wa boti, Lamu. Nimesoma habari za Mosquito, ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia iliyojengwa kwa mbao. Wanasema iliziacha nyuma ndege za chuma na ilibeba bomu la karibu tani mbili hadi Berlin, lakini ilipofika India na Burma mabawa yakabanduka kwa sababu gundi haikustahimili joto na mvua. Mbao ziliwezaje kazi hiyo? Na kama gundi ndiyo iliyoshindwa, sisi tunaogundisha plaiwudi kwenye unyevu wa pwani tuna usalama gani?

JIBU: Ndugu fundi, umepewa nusu ya habari. Ni kweli kwamba mwishoni mwa 1944 Mosquito kadhaa zilivunjika mabawa angani huko India na watu wakafa. Si kweli kwamba joto liliyeyusha gundi. Kilichokuwa kibaya ni viungo, yaani mahali mbao zilipounganishwa, na ubaya wake ulianzia kiwandani Uingereza. Nianze na ujenzi wenyewe, maana bila huo habari ya Burma haieleweki.

Kiwiliwili cha ndege hii hakikutegemea mataruma. Nguvu yote ilikuwa kwenye ganda: ubao wa balsa kutoka Ecuador, unene wa milimita 9.5, umebanwa kati ya plaiwudi mbili nyembamba za betula, mti mgumu wa nchi za baridi. Ukuta mzima ulikuwa na unene wa milimita 11 tu. Mzigo hubebwa na plaiwudi. Balsa kazi yake ni kuzitenganisha na kuzizuia zisikunjane. Ukiongeza umbali kati ya plaiwudi hizo mbili, ukakamavu wa ukuta hupanda haraka kuliko uzito, kwa kuwa balsa ni nyepesi mno. Udhaifu wake ni kwamba balsa haishiki skrubu wala bolti, kwa hiyo penye mlango, dirisha au kishikizo cha bawa iliondolewa ikawekwa mbao yenye nguvu zaidi.

Kiwiliwili kiliundwa kwa nusu mbili, ya kushoto na ya kulia, kila moja juu ya kalibu ya mahogani au zege. Nyaya, mabomba na mitambo mingi ilifungwa nusu zikiwa bado wazi, fundi akifanya kazi amesimama badala ya kujikunja tumboni mwa ndege. Ndipo nusu zikagundishwa pamoja. Bawa lilikuwa kipande kimoja kutoka ncha hadi ncha, mita 16.5, lenye boriti mbili za mbao za sprusi, mti mwepesi wa jamii ya misonobari, na plaiwudi. Ganda la juu la bawa lilikuwa na plaiwudi mbili zenye fito katikati, kwa sababu upande wa juu hukandamizwa ndege inapopaa na ubao mwembamba ukikandamizwa hupinda. Ganda la chini huvutwa, hivyo plaiwudi moja ilitosha. Ganda lilishikwa kwenye boriti kwa gundi na skrubu ndogo za shaba, kisha juu likavishwa kitambaa cha pamba na kupakwa dopu, rangi ya kukaza kitambaa. Shika kiungo hicho cha ganda la juu na boriti, tutakirudia.

Kwa nini mbao? Alumini na mafundi wa metali viligombewa na kila kiwanda cha vita, ilhali maseremala wa samani walikuwa wamekosa kazi. Karakana za viti na makabati za High Wycombe ziligeuzwa kutengeneza sehemu za Mosquito. Kampuni ya de Havilland, iliyoibuni Mosquito, nayo ilikuwa na uzoefu: Comet yake ya mbao ilishinda mashindano ya Uingereza hadi Australia mwaka 1934, na ndege yake ya abiria, Albatross, ilitumia ukuta uleule wa betula na balsa. Hata hivyo wakubwa wengi wa anga waliidharau. Aliyeitetea ni Sir Wilfrid Freeman, afisa mkuu wa jeshi la anga la Uingereza, na oda ya ndege 50 ilitolewa Machi 1940. Ndege ya kwanza, W4050, iliruka Hatfield tarehe 25 Novemba mwaka huohuo.

Siri ya kasi yake haikuwa mbao peke yake. Ganda halikuwa na ribiti wala maungio ya bati, kwa hiyo hewa ilipita bila kukwaruzwa. Juu ya hilo, ndege ya mabomu haikuwa na bunduki hata moja ya kujilinda. Ukiondoa bunduki unaondoa wapigaji wake, risasi zake na mafuta ya kuvibeba; wakabaki rubani na mwelekezi, na injini mbili za Rolls-Royce Merlin. Kwenye majaribio ya Boscombe Down, Februari 1941, ilifikia kama kilomita 630 kwa saa, ikaipita Spitfire ya wakati huo. Katika majaribio hayohayo gurudumu la mkia lilikwama kwenye ardhi mbovu na kiwiliwili kikapasuka. Wakakiondoa, wakafunga kingine kilichokuwa kimeandaliwa kwa ndege nyingine, kazi ikaendelea.

Ilianza vitani Septemba 1941 kwa kupiga picha, kisha mabomu kuanzia Mei 1942. Tarehe 25 Septemba 1942 ndege nne za Skwadroni 105 zilishambulia makao ya Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, mjini Oslo, na Waingereza wakatangaza hadharani kwa mara ya kwanza kwamba wana ndege hii. Asubuhi ya 30 Januari 1943 skwadroni hiyohiyo ilifika Berlin mchana kweupe, saa ambayo Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, alipaswa kuhutubia redioni. Alasiri Skwadroni 139 ikaenda kumfanyia Goebbels, waziri wa propaganda, vivyo hivyo.

Mashambulizi ya kuruka karibu na ardhi ndiyo yaliyoipa sifa, lakini msomaji aangalie pande zote. Amiens, 18 Februari 1944, zilibomoa kuta za gereza lililokuwa na wapiganaji wa upinzani wa Ufaransa: wafungwa 258 walitoroka, na wengine 102 walikufa. Copenhagen, 21 Machi 1945, zilichoma makao ya Gestapo, lakini ndege moja iligonga nguzo ikaanguka karibu na shule, na baadhi ya zilizofuata zikaudhania moshi wake kuwa ndiyo shabaha. Watoto 86 walikufa.

Hilo bomu la karibu tani mbili lilikuwa la pauni 4,000, yaani kilo 1,814, na lilianza kubebwa Februari 1944. Hakuna mbao iliyoongezwa kwa miujiza. Bomu lilining'inizwa chini kabisa ya bawa, karibu na kitovu cha uzito, hivyo mzigo uliingia moja kwa moja kwenye boriti badala ya kuvuta ganda la kiwiliwili. Milango ya tumbo ndiyo iliyotunishwa ili bomu lienee. Mwaka 1945 Mosquito ziliipiga Berlin usiku 36 mfululizo, Februari hadi Machi, na hasara yake ilikuwa ndogo kuliko ya ndege yoyote nyingine ya mabomu ya Uingereza. Kulikuwa pia na ndege za usiku zenye rada, na chache zilizoitwa Tsetse zilizofungwa mzinga wa milimita 57 kwa ajili ya nyambizi. Shirika la ndege la Uingereza, BOAC, lilizitumia kusafiri hadi Sweden kuleta beringi. Oktoba 1943 mwanafizikia Niels Bohr alipakiwa ndani ya tumbo la bomu, akakosa oksijeni na kuzimia njiani. Alifika salama. Jumla zilijengwa 7,781 nchini Uingereza, Kanada na Australia.

Sasa India. Ndege chache zilipelekwa huko mwaka 1943 kwa Skwadroni 27 ili zipimwe katika hali ya hewa ya joto. Kufikia nusu ya pili ya 1944 skwadroni nyingine zilikuwa zikipewa Mosquito kwa vita vya Burma, wakati uleule askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki wakishuka Bonde la Kabaw kwenye matope ya mvua za kusi. Ndipo ajali zikafuatana. Ganda la juu la bawa lilibanduka kwenye boriti, na bawa lililopoteza ganda la juu halina kinachozuia boriti kupinda. Novemba 1944 ndege zilizuiwa kuruka.

Timu ya kampuni, ikiongozwa na Meja Hereward de Havilland, ilikagua na kuripoti kwamba gundi haikuoza. Mbao ndizo zilizocheza kwa unyevu wa msimu wa mvua. Uchunguzi uliofuata ulisema vingine: viungo viligundishwa vibaya. Kisha ndege zilizokuwa Uingereza zikafunguliwa huko Defford, ambazo hazikuwahi kunyeshewa mvua za kusi wala kuguswa na mchwa, na kasoro zilezile zikakutwa, kwenye ndege zilizotoka viwanda vya Hatfield na Leavesden. Hata hivyo Wizara ya Anga ilishikilia maelezo ya hali ya hewa, ili marubani wasipoteze imani na ndege. Hapo ndipo ilipotokea hadithi uliyoisoma.

Mimi nayaona maelezo yote mawili yakikamatana, ila hayana uzito sawa. Mbao haibadiliki sana kwa urefu wa nyuzi zake, bali hutanuka na kusinyaa kwa upana. Ganda na boriti vikicheza kwa viwango tofauti, gundi ndiyo inayovutwa. Kiungo kizuri hustahimili. Kiungo chenye pengo, au kilichobanwa kwa nguvu ndogo, au kilichochelewa kufungwa mpaka gundi ikaanza kukauka, hushika sehemu kidogo tu ya uso wake. Mvua ya kwanza hupenyeza maji, jua la kesho yake humalizia. Hali ya hewa ilifichua kazi mbovu.

Dawa iliyotumika inathibitisha hilo. Waliongeza utepe wa plaiwudi kwenye urefu wote wa maungio ya ganda la bawa, uzibe njia ya maji. Ndege za Asia zilipakwa rangi ya fedha badala ya rangi za kujifichia, kwa kuwa rangi nyeusi juani hupandisha joto la ganda mno. Mwanzoni mwa 1945 zilirudi vitani. Na tazama hili: Mosquito ya mwisho ya Uingereza kufanya kazi ya kivita ilikuwa ya picha, ya Skwadroni 81, iliyoruka kutoka Seletar, Singapore, Desemba 1955. Singapore iko karibu na ikweta kuliko Lamu.

Gundi yenyewe haikuwa bila neno. Za awali zilijengwa kwa kesini, gundi ya maziwa, ambayo ikikaa na unyevu huliwa na ukungu. Baadaye walihamia yurea-formaldehidi, hasa Aerolite ya Norman de Bruyne: utomvu unapakwa upande mmoja, kikazio upande wa pili, na gundi haianzi kukaza mpaka pande mbili zikutane. Ukungu hauiwezi. Wajerumani walipojaribu ndege yao ya mbao, Focke-Wulf Ta 154, kiwanda cha gundi yao nzuri huko Wuppertal kilikuwa kimelipuliwa. Gundi ya badala ilikuwa na asidi iliyokula mbao, na ndege zikavunjika angani mwaka 1944. Gundi mbaya inaua, lakini hata nzuri haiokoi kiungo kibovu.

Kwa kazi yako, usitumie yurea-formaldehidi kwenye boti. Unyevu ukichanganyika na joto kwa muda mrefu huidhoofisha. Chagua risosino au epoksi, na ujue zinadai mambo tofauti. Risosino inataka viungo vilivyokaa barabara, vibano vyenye nguvu na joto lisilopungua nyuzi 21. Epoksi hujaza mapengo, na kosa la kawaida ni kuibana mno mpaka ikatoka yote, kiungo kikabaki kikavu. Epoksi nyingi pia hulainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na sitaha iliyopakwa rangi nyeusi hufika huko saa saba mchana. Paka nyeupe. Epoksi ikikauka na kuacha utando wa kuteleza juu, uoshe kwa maji na upige msasa kabla ya tabaka jingine, la sivyo tabaka hilo litabanduka.

Mafundi wa ndege hugundisha mbao yenye unyevu wa asilimia 8 hadi 12. Ubao ulioachwa wazi pwani huwa na zaidi ya hapo, kwa hiyo uweke ndani, pakavu, juu ya vigingi, na unyevu upime kwa kipimo badala ya kukisia. Kiungo cha mshazari kikate kwa uwiano wa 12 kwa 1: plaiwudi ya milimita 6 inataka mshazari wa milimita 72. Msasa uwe mwepesi na vumbi liondolewe; ubao uliong'arishwa kwa randa butu huwa umefunga vinyweleo na gundi haiingii.

Boti iliyokwisha kujengwa ikague kama walivyokagua mabawa yale. Pita na sarafu ukigonga kwenye mstari wa kila kiungo. Sauti ikibadilika ikawa ya utupu, weka alama. Ufa mwembamba wa rangi unaofuata kiungo, au skrubu iliyoinuka kichwa, ni dalili kwamba ganda limecheza. Fungua hapo. Ukikuta uso wa gundi unang'aa kama kioo na hauna nyuzi za mbao, kiungo hicho hakikuwahi kushika, na kukipaka gundi mpya juu ya ile ya zamani ni kazi bure: parua hadi mbao mbichi, kisha gundisha upya.

Na kila unapochanganya gundi, gundisha vipande viwili vya makombo ya mbao hiyohiyo, kwa vibano vilevile, siku hiyohiyo. Baada ya wiki moja vipasue kwa patasi. Vikipasuka ndani ya mbao, kiungo cha boti ni kizima. Vikiachana kwenye gundi, usiishushe boti majini.