Nadharia sita kwenye sura moja: ipi ibaki, ipi iondoke?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naandaa tasnifu ya uzamili kuhusu utandawazi, utamaduni na uhamiaji. Nataka kujua kwa nini vijana wanahama nchi yao, na jinsi utamaduni wao unavyobadilika huko waendako. Kwenye sura ya nadharia nimeweka sita: kusukuma na kuvuta, mfumo wa dunia, mitandao ya wahamiaji, mandhari tano za Appadurai, mchanganyiko wa tamaduni, na akulturesheni (mabadiliko ya mtu au kundi linapokutana na utamaduni mwingine). Msimamizi ameirudisha na kuandika pembeni, "Nadharia nyingi, uchambuzi hakuna." Nipunguze zipi, na nitajuaje kwamba iliyobaki inafaa?

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako ameona sawasawa, na dawa ipo. Mada yako imefunga maswali matatu kwenye kamba moja: kwa nini wa kwanza waliondoka, kwa nini wengine wanaendelea kuwafuata, na utamaduni wao unakuwaje wakishafika. Kila nadharia uliyoitaja ilijengwa kujibu mojawapo ya hayo. Ukizipanga foleni bila kusema ipi inajibu lipi, msomaji anapata orodha tu. Fungua kamba kwanza, andika maswali hayo kila moja peke yake, kisha amua lipi ndilo la tasnifu yako. Kwa uzamili, mawili yanatosha kabisa.

Tuanze na kusukuma na kuvuta, maana ndipo wengi wanapokwama. Mzizi wake ni Ravenstein, aliyechambua sensa za Uingereza na kutoa kanuni zake mwaka 1885: wahamiaji wengi huenda masafa mafupi, na kila mkondo wa uhamaji huzaa mkondo wa kurudi. Mwaka 1966 Everett Lee aliipanga upya hoja hiyo katika mafungu manne: mambo ya kule mtu anakotoka, mambo ya kule anakokwenda, vikwazo vya katikati, na hali binafsi ya mhamaji. Wanafunzi wengi hunakili mafungu mawili ya kwanza na kuyaacha mawili ya mwisho, ilhali hayo ya mwisho ndiyo yanayoeleza kwa nini ndugu wawili wa nyumba moja, wenye shida ileile, mmoja anaondoka na mwingine anabaki. Isitoshe, Lee alisema kila mahali pana mambo ya kuvutia, ya kuchukiza, na yasiyomgusa mtu, na jambo lilelile hupimwa tofauti na kila mtu. Ukiandika "umaskini ulimsukuma, ajira ikamvuta", umepanga sababu kwenye safu mbili lakini hujaonyesha uamuzi ulifanyikaje.

Kuna kasoro nyingine iliyo nzito zaidi. Kama umaskini peke yake ungesukuma, watu wa nchi maskini kabisa ndio wangeongoza kwa kuhama kimataifa. Haiko hivyo. Kuvuka mpaka kunahitaji fedha, taarifa na hati, kwa hiyo pato la nchi likianza kupanda uhamaji kwenda nje huongezeka kwanza, kisha hupungua pato likizidi kupanda. Zelinsky aliunganisha uhamaji na hatua za maendeleo tangu mwaka 1971, na Hein de Haas ameisukuma hoja mbele kwa kutenganisha vitu viwili: hamu ya kuhama na uwezo wa kuhama. Jørgen Carling, akitumia mfano wa Cape Verde mwaka 2002, aliwapa nafasi yao wale wenye hamu wasio na uwezo, yaani waliokwama bila kupenda. Nakusihi uwaingize kwenye utafiti wako. Ukihoji waliohama tu, huwezi kueleza kwa nini watu wanahama, kwa sababu huna wa kuwalinganisha nao.

Sasa swali la kuondoka lina ngazi, na kila ngazi ina nadharia yake.

Ngazi ya mtu mmoja ina hesabu ya Todaro ya mwaka 1969, aliyoiendeleza pamoja na Harris mwaka uliofuata. Mtu halinganishi mshahara na mshahara. Analinganisha pato alilonalo na pato analotarajia, yaani mshahara wa kule mara uwezekano wa kupata kazi. Chukua anayepata 100 alipo, na kule mshahara ni 200. Uwezekano wa kazi ukiwa 0.6, pato linalotarajiwa ni 120, naye ataondoka. Uwezekano ukishuka hadi 0.4, linabaki 80, kuondoka hakulipi. Hapo unaelewa kwa nini kuongeza ajira mjini bila kugusa kijiji kunaweza kuongeza idadi ya wasio na kazi mjini: nafasi mpya hupandisha matarajio, na wanaokuja huwa wengi kuliko nafasi. Hesabu yenyewe ilihusu uhamaji wa ndani, kutoka kijijini kwenda mjini, kwa hiyo ukiitumia kwa wanaovuka mipaka lazima uongeze gharama za safari na hatari ya kurudishwa.

Ngazi ya kaya ni ya Stark na Bloom, mwaka 1985. Kwao anayeamua ni familia, na lengo lake kubwa ni kugawanya hatari: mmoja abaki shambani, mwingine aende mbali, mavuno yakiharibika kuna fedha itakayotumwa. Mahali pasipo na bima wala mikopo, mwana aliye mbali ndiye bima. Nadharia hii ina utabiri unaoweza kupimwa: familia zinaweza kuendelea kumtoa mtu hata pengo la mishahara likizibwa. Ukiichagua, kitengo chako cha uchambuzi ni kaya, na hojaji lazima iwafikie waliobaki nyumbani. Nimeona tasnifu nyingi zikidai kufuata nadharia ya kaya huku zikihoji mhamiaji mmoja mmoja. Huo ni mgongano kati ya nadharia na mbinu, na mtahini makini hataupita kimya.

Ngazi ya dunia ndiyo ya mfumo wa dunia wa Wallerstein, aliyeanza kuueleza mwaka 1974: uchumi mmoja wa kibepari wenye kiini (nchi tajiri zinazotawala), nusu-pembezoni (zilizo katikati) na pembezoni (nchi maskini zinazotegemea). Saskia Sassen alionyesha mwaka 1988 jambo ambalo wengi hawalitarajii, kwamba uwekezaji wa kigeni unaopelekwa kuzuia uhamiaji unaweza kuuchochea. Viwanda vya kuuza nje huwatoa watu kwenye kilimo chao, huwazoesha kazi ya ujira, na huwaunganisha na nchi ya mwekezaji. Kazi ikiisha, njia inayojulikana ni ile inayoelekea huko. Lakini nadharia hii haiwezi kukuambia kwa nini huyu kaondoka na jirani yake hakuondoka. Usiibebeshe mzigo huo.

Mitandao iko kwenye swali la pili, la kuendelea. Kila anayefika hupunguza gharama na hatari kwa anayefuata: pa kulala, jina la mwajiri, namna ya kujaza fomu. Douglas Massey ameeleza namna uhamaji unavyojilisha wenyewe, hata ukaendelea baada ya sababu ya mwanzo kutoweka. Usiitumie kueleza mwanzo, kwani wa kwanza hakuwa na mtandao wa kumpokea.

Kuhusu utandawazi wenyewe, usiuchukue kama upepo unaovuma peke yake. Taja unachopima: biashara, mtaji, habari au watu. Havisogei kwa mwendo mmoja. Makadirio ya Umoja wa Mataifa yanaonyesha wahamiaji wa kimataifa walikuwa milioni 304 mwaka 2024, yaani asilimia 3.7 ya watu wote duniani. Mwaka 1990 walikuwa milioni 154, asilimia 2.9. Idadi imekaribia kuongezeka maradufu, sehemu yao imepanda kidogo. Ukitoa takwimu moja bila nyingine utapotosha. Kumbuka pia kwamba hizo ni hesabu za waliopo nje ya nchi zao, si za waliohama mwaka huo.

Appadurai anafaa hapo hasa. Mwaka 1990 alitaja mandhari tano: ya watu, ya vyombo vya habari, ya teknolojia, ya fedha na ya fikra. Kosa la kawaida ni kuzitumia kama masanduku matano ya kupangia data. Kiini cha hoja yake ni kwamba mandhari hizo hazilingani, kila moja ina kasi na mwelekeo wake. Picha za maisha ya ng'ambo zinamfikia kijana leo, viza haimfikii. Fedha inavuka mpaka kwa dakika chache, mtu anasubiri miaka. Chambua mipishano hiyo, vinginevyo mwache Appadurai nje.

Kuhusu utamaduni baada ya kufika, una nadharia mbili zinazoonekana pacha lakini haziko ngazi moja. Mchanganyiko wa tamaduni unahusu utamaduni wenyewe: lugha, muziki, ibada vinavyozaa kitu kipya. Akulturesheni ya John Berry inahusu mtu au kundi, na ina maswali mawili: je, anashikilia utamaduni wa asili? Je, anashirikiana na jamii pana? Majibu yanatoa njia nne: mtangamano (ndiyo kwa yote mawili), kumezwa (jamii pana tu), kujitenga (asili tu), na kubaki pembezoni (hapana kwa yote mawili). Pima kila swali kwa kipimo chake. Ukiweka mstari mmoja kutoka "asili" hadi "mwenyeji", umemlazimisha mtu kupoteza kimoja ili apate kingine, na umeufuta mtangamano kabla ya kukusanya data. Tena usiandike kana kwamba mhamiaji anachagua peke yake. Asiyepewa nyumba wala kazi hajajitenga, ametengwa, na Berry mwenyewe alitofautisha mambo hayo mawili.

Kwa mada yako, ningebakiza mbili. Hamu na uwezo kwa swali la kuondoka, Berry kwa swali la utamaduni. Mitandao iingie kama kigezo kimojawapo cha uwezo. Mfumo wa dunia upe aya moja kwenye usuli. Kusukuma na kuvuta kubaki kwenye historia ya fani. Kisha chora jedwali la safu nne: dhana, kiashiria, swali la hojaji, na jibu litakaloonyesha kwamba nadharia imekosea. Safu ya nne ndiyo ngumu, na ndiyo msimamizi anayoitafuta. Mfano: ukikuta wenye ndugu ng'ambo na wasio na ndugu, wenye hamu na kipato sawa, wanaondoka kwa kiwango kilekile, basi mitandao haijaongeza uwezo katika sampuli yako, na unapaswa kuliandika hivyo hivyo kwenye matokeo.