Niko Tabata, kwenye karatasi zao niko ng'ambo

Nilifanya kazi ya uuguzi Uingereza miaka 16, nikarudi Dar mwaka 2016. Watoto wa mtaani hapa Tabata wananiita Bibi Ulaya, jina nisilolipenda lakini limeshashika. Kinachonichekesha ni kwamba kwenye mafaili ya pensheni huko nilikotoka, mimi ndiye ninayeishi nje. Nimerudi kwetu, nanunua mchicha genge la kona, na bado nahesabiwa mtu wa ng'ambo.

Ninaandika kwa sababu swali ni lile lile kila wiki, msibani, harusini, hata kwenye bajaji: "Mama, kama sikuchukua uraia wao, pensheni yangu si imeliwa?" Haijaliwa. Pensheni ya serikali ya Uingereza haiangalii rangi ya pasipoti yako, inaangalia michango ya bima ya taifa uliyokatwa kwenye mshahara. Kwa utaratibu ulioanza Aprili 2016, ukiwa na angalau miaka 10 ya michango unapata kitu; kiwango kamili kinataka miaka 35. Mimi uraia wao sikuutaka, maana sheria yetu ya uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kushika nchi mbili, na sikuwa tayari kuomba kibali cha ukaazi ili niishi kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe. Miaka yangu ya michango nimebaki nayo.

Sasa nieleze nilivyojikwaa, maana hapo ndipo penye faida kwako.

Pasipoti yangu ilikuwa ya zamani. Hizi za kielektroniki zilizinduliwa Januari 2018, na mwanzoni mwa 2020 zile za zamani zikaacha kutumika. Mimi nilikuwa nimelala. Nilijiambia, niende wapi tena na magoti haya? Mwaka 2022 nikatimiza miaka 66, umri wa pensheni kwao wakati huo, na mwezi huo huo binti yangu akajifungua huko. Nikahitaji karatasi zote kwa mpigo.

Pasipoti yenyewe si ngumu kama watu wanavyosimulia. Unajaza fomu kwenye tovuti ya Uhamiaji, unapata namba ya malipo, jumla ni shilingi 150,000, kisha unakwenda na vielelezo ili uchukuliwe picha na alama za vidole. Mimi nilikwenda ofisi yao ya Kurasini. Inadumu miaka 10. Kigumu kwa watu wa rika langu ni vyeti. Unaulizwa cheti cha kuzaliwa cha mzazi, na mzazi wako alizaliwa kijijini akahesabiwa kwa mwaka wa njaa! Dawa yake ni hati ya kiapo, na kama cheti chako mwenyewe huna, anza RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, kabla hujagusa fomu. Na vidole pia: miaka ya kunawa kwa dawa za hospitali ilikuwa imevisugua vyangu, mashine ikanikataa mara tatu. Kijana aliyekuwa mezani akaniambia, "Bibi, pakaza mafuta kidogo halafu futa." Ikakubali.

Kilichonichelewesha kweli ni jina. Cheti cha kuzaliwa kina jina langu na la baba. Kitambulisho cha taifa cha NIDA kina majina matatu. Huko Uingereza niliajiriwa kwa jina la mume, na michango yangu yote imeandikwa kwa jina hilo. Hapa benki yangu nayo ikataka jina la anayepokea fedha lifanane na kitambulisho. Kwa hiyo kulikuwa na wanawake watatu, na wote ni mimi. Cheti cha ndoa kilinisaidia kuunganisha wawili. Kwa wa tatu nikalipa wakili. Ningeulizwa leo jambo moja la kufanya ukiwa na miaka 50, ningesema panga karatasi zako zote mezani ulinganishe herufi kwa herufi. Usingoje 66.

Maombi ya pensheni kutoka nje hupelekwa kwenye kituo chao cha pensheni za kimataifa, na unaweza kuanza miezi minne kabla ya kufikisha umri. Anza hiyo miezi minne. Kama miaka yako haifiki, uliza mapema kuhusu michango ya hiari ya kuziba mapengo.

Halafu kuna jambo ambalo waliotangulia kurudi hawakuniambia, na mpaka leo linaniuma. Ukiishi Tanzania, pensheni yako haipandi. Inabaki pale pale ilipokuwa siku ya kwanza, kwa sababu sisi hatumo kwenye orodha ya nchi zinazoongezewa kila mwaka. Mwaka nilioanza, kiwango kamili kilikuwa pauni 185.15 kwa wiki. Kufikia 2025 kilikuwa 230.25. Kipande changu hakijasogea hata senti, na unga wa sembe hausikii habari hiyo. Ukirudi kuishi kule wanakupandishia. Mimi siendi, lakini wewe upige hesabu kabla hujauza nyumba ya kule.

Kuna pia cheti cha uhai. Wanakutumia fomu kwa posta, unasaini mbele ya shahidi asiye ndugu yako, unairudisha. Nilikuwa nimebadili sanduku la posta bila kuwaarifu, kosa langu kabisa. Pensheni ikasimama. Kwa mfumo wao nilikuwa marehemu, na huku nafua mashuka.

Kaka yangu naye anasafiri upande wa pili: mstaafu wa serikali, anakwenda kukaa na mwanawe Kanada. Alikuja na wasiwasi kwamba PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, watamkatia. Nikamwambia, kaka, wewe ulishatimiza miezi yako 180 ya michango na miaka 60 ya lazima. Kusafiri hakukunyang'anyi kitu, kinachokukata ni kukosa uhakiki, yaani kuthibitisha kwamba bado uko hai. Siku hizi mstaafu wa PSSSF anaweza kujihakiki kwa simu janja, kwa hiyo nimemfundisha hapa hapa barazani, mara nne, mpaka akanikasirikia. Mambo ya kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu mafao, hatukuyagusa, tungelala hapo.

Ila pasipoti yake bado ni ile ya zamani isiyotumika tena. Nikamwambia asikate tiketi kwanza. Ijumaa tunakwenda Kurasini, saa moja asubuhi. Nimemwambia abebe kopo dogo la mafuta.