Mbwa mzee na baridi ya Mbeya: maumivu ya viungo yana dawa

Huku kwetu mbwa akianza kuburuta miguu ya nyuma, jibu la kwanza utakalosikia ni "huyo amezeeka, muache." Nimelisikia kwa majirani, nimelisikia dukani, na mtaalamu mmoja wa mifugo aliniambia hivyohivyo akiwa hajamshika mbwa hata mguu. Silikubali. Uzee hauna tiba, lakini maumivu yanatibika, na mbwa aliyelinda nyumba miaka yote hiyo hastahili kuumwa usiku kucha wakati mengi ya kumsaidia yanapatikana hapahapa, mengine bila kutoa hata shilingi.

Wangu anaitwa Bobi, chotara wa German Shepherd, mkubwa wa umbo, na miaka 10 ameshaipita. Tunaishi Uyole, hapa Mbeya, na anayeijua Uyole wakati wa kipupwe anajua upepo ule wa asubuhi. Miezi hiyo ya Juni mpaka Agosti ndiyo inayowafichua mbwa wenye baridi yabisi. Mbwa aliyekuwa anachechemea kidogo tu mwezi wa tatu, Julai haamki mpaka jua lichomoze.

Usisubiri mbwa alie ndipo uamini kwamba anaumwa. Mbwa mwenye maumivu ya muda mrefu halii, anaacha. Basi tazama alichoacha. Bobi aliacha kukimbilia getini bodaboda ikipita, akawa anabweka akiwa amelala palepale. Akaacha kupanda ngazi za baraza, akazunguka kupitia upande wa jikoni. Kucha zikarefuka kwa sababu hazisagiki tena barabarani. Mapaja yakakonda huku tumbo likibaki vilevile. Asubuhi anaamka amekauka kama ubao, akishatembea kidogo analegea, na hiyo ya kulegea ndiyo inayowadanganya wengi: wanasema amepona. Tazama pia hasira. Mbwa mpole anayeanza kunguruma watoto wakimshika kiuno hajabadilika tabia, anaumwa. Waambie watoto wamuache kabla hajamuuma mtu.

Kinachotokea ndani ni kwamba gegedu, ule mto laini uliopo kati ya mfupa na mfupa, umelika. Hauoti upya. Kiungo kinavimba, misuli inayokizunguka inakonda kwa kutotumika, na misuli ikikonda kiungo kinabeba mzigo zaidi. Ndiyo maana kumuacha tu alale si huruma.

Lakini si kila kuchechemea ni baridi yabisi. Kaa naye juani, kagua kila kidole na nyama ya katikati ya vidole. Tafuta mwiba, kipande cha chupa, na hasa funza, maana funza hawachagui binadamu na mbwa. Kagua kupe masikioni, kwapani na chini ya mkia, kwa kuwa homa ya kupe nayo huleta maumivu ya viungo, na yenyewe ina dawa yake tofauti kabisa. Mbwa aliyekuwa mzima jana na leo hakanyagi kabisa, au mwenye uvimbe mgumu mfupani, apelekwe kwa daktari haraka. Hapo usihangaike na ushauri wangu wa magodoro utakaokuja mbele.

Sasa dawa, na hapa naomba unisikilize vizuri. Usimpe mbwa dawa ya maumivu uliyonunua duka la dawa la binadamu. Diklofenaki ipo kila kona, inauzwa bei ndogo, na watu wanaiamini kwa sababu imewatuliza mgongo baada ya kulima. Kwa mbwa, diklofenaki na ibuprofeni hutoboa tumbo na kuua figo. Wala usidhani ukikata kidonge nusu umekuwa salama.

Ipo dawa moja inayotumika kwa binadamu na kwa mbwa, meloksikamu, na hii ndiyo inayoponza watu kwa sababu wamesikia daktari wa mifugo akiitaja. Fanya hesabu uone. Kwa kawaida mbwa hupewa miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito wake siku ya kwanza, halafu miligramu 0.1 kwa kilo kila siku. Mbwa wa kilo 25 anahitaji miligramu 2.5 kwa siku. Kidonge cha binadamu ni cha miligramu 7.5 au 15. Kimoja tu kidogo ni mara tatu ya anachotakiwa, na kile kikubwa ni mara sita. Kwa hiyo ni daktari wa kuamua kama figo na ini vinaruhusu, kiasi gani, na kwa muda gani. Karprofeni nayo hutumika sana kwa mbwa. Yoyote utakayopewa, mpe pamoja na chakula, wala usimpe akiwa amesusa chakula au anaharisha.

Kuna la kumuuliza anayekuja na sindano. Watu wengi wanaotibu ng'ombe hubeba deksamethasoni, dawa kali ya kushusha uvimbe ya kundi la steroidi kama ilivyo prednisoloni, na mbwa akidungwa utamuona kesho yake anatembea vizuri ajabu. Deksamethasoni na prednisoloni hazichanganywi na meloksikamu wala karprofeni; zikikutana zinachoma tumbo vibaya. Uliza jina la dawa kabla haijaingia mwilini, liandike, na mtaalamu mwingine akija muoneshe. Ukiona kinyesi cheusi kama lami, kutapika, au mbwa amesusa chakula, simamisha dawa na mpigie daktari siku hiyohiyo.

Dawa za kuchua zenye harufu kali tunazopaka sisi migongoni, mafuta ya taa, oili chafu ya gari, vyote hivyo visiguse ngozi yake. Mbwa hulamba kila unachompaka.

Kuna dawa isiyouzwa popote, nayo ni kumpunguza uzito. Huko Marekani watafiti waliwafuga Labrador 48 tangu wakiwa watoto hadi kufa, nusu yao wakilishwa pungufu kwa robo kuliko wenzao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionesha kuwa waliokula pungufu waliishi karibu miaka 2 zaidi, na baridi yabisi yao ilichelewa. Mimi hilo ninaliona kwa macho yangu. Bobi alipopungua ndipo dawa ilipoanza kuonekana inafanya kazi.

Kumpima ni rahisi hapa Uyole kwa sababu wanunuzi wa viazi na mahindi wana mizani ya magunia, na ukiomba kwa heshima hawakatai. Jua uzito wake leo, kisha mpime tena kila mwezi. Ukipitisha mkono ubavuni unatakiwa kuzihesabu mbavu bila kubonyeza. Ukizitafuta hujazipata, amenenepa. Wanaonenepa hawashibi nyama, wanashiba ugali: sufuria zima la ugali wa jana, ukoko, na makombo ya kila mtu. Punguza ugali, ongeza mboga za majani zilizochemshwa bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), na waambie wote nyumbani kwamba mtu wa kumlisha ni mmoja. Ndugu zangu wa Rungwe na Njombe wana tatizo lao la pekee: maparachichi yanayoanguka shambani. Mbwa anayapenda, yana mafuta mengi, na kokwa lake linaweza kumkaba au kuziba utumbo. Zungushia uzio au okota mapema.

Dagaa wa Ziwa Nyasa wanaotoka Kyela nawapa nafasi kubwa. Mafuta ya samaki husaidia kupunguza uvimbe wa viungo, na dagaa ni protini ya kulinda misuli. Waoshe kuondoa mchanga na chumvi, wachemshe, wachukue nafasi ya sehemu ya ugali, wasiwe nyongeza juu yake.

Kuhusu malazi, adui ni sakafu ya saruji. Inanyonya joto la mwili usiku kucha. Banda la Bobi tumeliinua kwa mbao lisiguse ardhi, mlango ukatazama upande usio na upepo, ndani tukajaza maranda. Maranda kwetu si tabu, mbao zinazotoka Mafinga zinarandwa kila mtaa, na mafundi wanafurahi ukiwaondolea. Tafuta makavu, badilisha yakilowa. Juu yake weka kipande cha godoro kuukuu ndani ya gunia. Asubuhi za baridi kali, chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kwa kitambaa, ikawekwa kwenye nyonga kwa dakika 10 au 15, inamfungua kabla hajaanza kutembea. Igusie kwanza mkononi mwako. Jiko la mkaa lisiingie bandani hata kama linaonekana limezima. Moshi wake usioonekana unaua mbwa kama unavyoua watu.

Ndani ya nyumba, kama una vigae, tandika vipande vya zulia au mikeka isiyoteleza pale anapopita. Kuteleza mara moja kunaweza kurudisha nyuma kazi ya wiki nzima. Kata kucha.

Na atembee. Mara mbili tatu kwa siku, muda mfupi, jua likishatoka, njia tambarare. Milima yetu ni mizuri kwa macho, si kwa nyonga za mbwa mzee. Kumtembeza mbali Jumapili moja baada ya wiki nzima ya kulala ni kumuumiza. Mkirudi akichechemea kuliko mlivyotoka, kesho punguza.

Andika kwenye kalenda ya ukutani kila jioni: siku nzuri au siku mbaya. Akili husahau, na ukimuona kila siku huoni anavyobadilika. Kalenda hiyo ndiyo utakayomwonesha daktari, naye ataweza kupandisha au kushusha dawa kwa ushahidi. Mpeleke mwezi wa tano, kabla kipupwe hakijaanza, si Julai akiwa ameshalala chini.

Ikifika mahali siku mbaya zinazidi nzuri mwezi hadi mwezi, hali chakula vizuri, hawezi kusimama kujisaidia, na dawa zimefika mwisho, zungumza na daktari kuhusu kumlaza kwa sindano, yaani afe bila maumivu. Afanye daktari mwenyewe, kwa dawa ya usingizi. Usikubali mtu akuletee sumu, maana sumu ni mateso. Na muulize daktari mapema gharama yake na kama anakuja nyumbani, kwa sababu wengi wao wana ng'ombe wa kuhudumia vijijini na hawapatikani siku unayowahitaji.