Maswali na Majibu: Je, Kaunti Ikifuta Kodi ya Ardhi, Kodi ya Nyumba Lamu Itashuka?

SWALI: Assalamu alaikum, Bwana Mthamini. Mimi ni muuguzi na nimepanga vyumba viwili Langoni, kisiwani Lamu, pamoja na watoto wangu watatu. Mwenye nyumba ameongeza kodi tena, na anasema sababu ni kodi ya ardhi inayotozwa na kaunti. Hapa mtaani kuna karatasi inayozungushwa ili watu watie saini kuiomba kaunti iwasamehe wamiliki malimbikizo yote, yaani kodi ya ardhi ya miaka iliyopita wasiyoilipa, na kuifuta kabisa kodi hiyo, nasi wapangaji tunaambiwa kuwa tutapata nafuu. Dalali mmoja anayeizungusha amenishauri pia ninunue ploti upande wa bara kwa barua ya mgao, kwa kuwa hatimiliki "itakuja baadaye". Je, nitie saini? Au tuiombe kaunti itumie pesa zake kutujengea nyumba?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Karatasi hiyo usiitie saini, na ploti hiyo usiinunue. Kila msimu wa bajeti unapokaribia hupokea maswali ya namna hii kutoka kwa wapangaji, na karibu kila mara hoja iliyomo ndani yake huwa imetungwa na mtu asiyelipa kodi ya nyumba hata shilingi moja. Ndiyo sababu nitalieleza jambo hili kwa kirefu.

Mzigo wa kodi ya ardhi humwangukia mwenye ardhi. Katika sehemu kubwa ya Kenya kodi hii imekuwa ikikadiriwa kwa thamani ya kiwanja kitupu, bila kuhesabu jengo lililo juu yake. Kiwanja hakihamishiki, wala hakipungui kwa sababu kimetozwa kodi. Kwa hiyo mwenye nyumba hana namna ya kuupitisha mzigo huo kwako, ila kwa kukutoza kiasi ambacho tayari soko linamruhusu kukutoza. Na kama angeweza kukutoza zaidi mwaka jana, angekutoza mwaka jana. Kodi inayopimwa kwa thamani ya majengo ni suala tofauti kidogo, kwa sababu inaweza kuwavunja watu moyo wasijenge, na baada ya miaka wapangaji wakaumia kwa uchache wa nyumba. Hata hivyo, mwenye nyumba wako hakuongeza kodi kwa sababu hiyo.

Mwombe kwa adabu akuonyeshe risiti ya kodi ya ardhi aliyolipa mwaka uliopita. Kigawanye kiasi hicho kwa miezi kumi na miwili, kisha kwa idadi ya wapangaji walio katika jengo lake, halafu ukilinganishe na nyongeza aliyokutoza. Katika kazi yangu nimeona wamiliki wengi wenye kuilalamikia kodi hii ambao hawana risiti ya kuonyesha, kwa kuwa hawajailipa kwa miaka. Ikiwa huyo wako ni miongoni mwao, basi anakutoza fidia ya gharama ambayo yeye mwenyewe hajaibeba.

Kilichopandisha kodi ya nyumba kisiwani kinaonekana kwa macho. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na heshima hiyo inatustahili, lakini maana yake ni kwamba huwezi kubomoa nyumba ya mawe na kuinua ghorofa sita mahali pake. Upande wa Shela kuna vilima vya mchanga vinavyohifadhi maji matamu tunayokunywa, na kila anayejenga juu ya vilima hivyo anaharibu kisima cha watu wote. Upande mwingine ni bahari. Ardhi iliyobaki ni finyu, na kuijenga ni ghali, kwa sababu saruji na chuma hufika Mokowe kwa lori, hupakiwa katika chombo kuvuka mlango wa bahari, kisha hupelekwa kwa punda hadi kwenye kiwanja kupitia vichochoro visivyopitisha gari. Ukarabati wa nyumba ya kale hutaka chokaa, boriti za mikoko na fundi anayejua kazi hiyo, na mafundi wa aina hiyo si wengi.

Juu ya uhaba huo, nyumba kadhaa nzuri za mjini na za Shela ziko mikononi mwa watu wanaozifungua wakati wa msimu wa wageni tu, na kwa miezi mingi milango yake inabaki na kufuli. Nyingine zimegeuzwa kuwa nyumba za kulala wageni. Mwenye nyumba wako anajua kwamba ukiondoka leo, kesho atakuja mwingine, pengine mwenye mshahara mkubwa kuliko wako, na bei yake ameipanga kwa kumtazama huyo anayekuja. Usiitegemee Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, kwa maana inazilinda nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na nadhani wewe umeshakivuka kiwango hicho zamani.

Sasa tazama nani atafaidika kaunti ikifuta kodi hiyo. Msamaha wa kodi ya ardhi huwafikia watu kulingana na thamani ya ardhi yao. Mwenye kiwanja kikubwa ufukoni, anayeishi ng'ambo na kufika mara moja kwa mwaka, atapata sehemu nono. Mjane wa Mkomani aliyerithi nusu ya nyumba atapata kidogo. Wewe mpangaji hutapata kitu, na utakuwa umeukosa mfereji wa maji taka ambao pesa hizo zingeusafisha. Zaidi ya hayo, nyumba iliyofungwa mwaka mzima ikiwa haigharimu chochote kuimiliki, mwenyewe hana sababu ya kuipangisha wala kuiuza kwa mtu atakayeishi ndani yake. Kodi ya ardhi inayokusanywa kwa haki ni miongoni mwa zana chache alizonazo gavana yeyote za kuzifungua nyumba hizo, na wapangaji ndio wanaoombwa saini ili zana hiyo itupwe baharini! Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Katiba yenyewe imeona hatari hiyo. Kifungu cha 210 kinaagiza kwamba sheria ikiruhusu msamaha wa kodi, iwekwe kumbukumbu ya wazi ya kila msamaha pamoja na sababu yake, na taarifa ifikishwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Anayetaka nafuu ya jumla, isiyo na majina wala sababu, anaomba kitu kinachokwenda kinyume na maana ya kifungu hicho. Kuhusu mzee au mjane mwenye nyumba ya urithi lakini asiye na kipato, ninakubali kabisa kwamba anastahili nafuu. Na njia yake ni kuandika ndani ya sheria ya kaunti kwamba mkazi anayeishi ndani ya nyumba yake anaweza kupunguziwa, au kuahirishiwa malipo hadi nyumba itakapouzwa au kurithiwa. Mtu anaweza kuhurumiwa bila matajiri kumi kujificha nyuma yake.

Umeuliza kama kaunti itumie pesa zake kujenga nyumba. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la mipango, upimaji wa ardhi na nyumba, kwa hiyo ombi lenu lina msingi. Lakini tuangalie mfuko. Mwaka wa fedha wa 2021/22, mgao wa Lamu kutoka serikali kuu ulikuwa takriban shilingi bilioni 3.1, mdogo kuliko wa kaunti nyingine yoyote, na mapato ambayo kaunti huyakusanya yenyewe ni sehemu ndogo sana yakilinganishwa na mgao huo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na kanuni zake za mwaka 2015 zinaweka ukomo wa mishahara kuwa asilimia 35 ya mapato. Wewe ni muuguzi, na unajua inavyogharimu kuweka zahanati na dawa katika kaunti yenye visiwa, ambamo mgonjwa wa Faza au Kizingitini husafirishwa kwa boti. Ukiondoa hayo pamoja na madeni ya wanakandarasi, kinachobaki kingejenga nyumba chache ambazo, kwa ninavyoijua desturi ya ugawaji, zisingekufikia wewe.

Shilingi ya kaunti inazaa zaidi inapotangulia mbele ya wajenzi: kupima ploti upande wa Mokowe na Hindi na kuzipatia hatimiliki, kufikisha maji kabla ya watu kuhamia, kuweka gati salama na boti za uhakika ili mtu aishi bara na kufanya kazi kisiwani bila kula mshahara wake kwa nauli, na kusaidia gharama za ukarabati wa nyumba za kale kwa sharti kwamba zitapangishwa kwa wakazi kwa muda maalumu. Ujenzi wenyewe una mfuko wake. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inakukata asilimia 1.5 ya mshahara wako kila mwezi, na mwajiri wako anaongeza kiasi hicho hicho. Kwa kuwa unalipa, mna haki ya kuuliza ni ardhi gani na maji gani kaunti imeyaandaa ili mradi huo ufike Lamu.

Pelekeni hoja hizi kwa wakati wake, kwa maana watu wengi hufika kwenye kikao cha maoni ya umma mambo yakiwa yamekwisha kuamuliwa. Waraka wa Mkakati wa Fedha wa kaunti huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia mwisho wa Februari, na makadirio ya matumizi kufikia tarehe 30 Aprili. Viwango vya kodi ya ardhi havimo katika makadirio hayo. Viko katika Mswada wa Fedha, ambao bunge la kaunti huujadili katika siku tisini baada ya kupitisha mswada wa matumizi. Wanaotaka msamaha huenda huko, wakati kumbi ziko tupu. Nendeni nanyi, na mpeleke maoni kwa maandishi, mkibaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Nimelifanya suala la ploti kuwa la mwisho, lakini ndilo linaloweza kukuangamiza haraka zaidi, na si wewe peke yako. Barua ya mgao ni ahadi yenye masharti: huwa na malipo ya kutimizwa na muda wa kuyatimiza, na haikufanyi mmiliki uliyesajiliwa. Katika pwani yetu, ambako madai ya ardhi yamekuwa yakigongana tangu Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, barua kama hizo zimetolewa juu ya mashamba ya watu, juu ya malisho, na juu ya ardhi ambayo tayari ina barua nyingine. Dalali hana leseni ya kupima wala kuthamini, na karatasi iliyosainiwa mbele ya wakili haiumbi umiliki ambao muuzaji hakuwa nao. Fanya upekuzi katika ofisi ya usajili wa ardhi, yaani uangalie ni nani aliyesajiliwa kuwa mmiliki, mtafute mpimaji aliyesajiliwa akuonyeshe mipaka kwenye ramani na ardhini, na ukiambiwa kwamba "hakuna haja ya upekuzi kwa sababu sote ni watu wa hapa", ondoka.

Onyo hili ni la kila anayeuza au kununua visiwani. Mali ya wakfu haiuzwi, hata kama msimamizi wake ametia saini. Nyumba ya urithi haiuzwi na ndugu mmoja kabla ya mafungu kujulikana, na Mahakama ya Kadhi ipo kwa ajili hiyo. Kifungu cha 65 cha Katiba kinamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa kuwa ya raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Kwa hiyo kijana anayelipwa ili jina lake liandikwe kwenye hati badala ya mgeni anajiweka katika kesi ambayo aliyemlipa hatasimama kizimbani pamoja naye. Anayekuahidi kwamba utapata makao rahisi bila mtu yeyote kulipia upimaji, maji, mitaro na usajili, gharama hizo ameshaamua zitamwangukia nani.

Mwulize huyo dalali anawawakilisha wamiliki wangapi wenye malimbikizo, na atalipwa nini nyumba zao zikiuzwa. Umiliki wa ardhi hauhamishwi bila cheti cha kuthibitisha kwamba kodi ya ardhi imelipwa yote, na malimbikizo yakifutwa leo, nyumba hizo zinaweza kwenda sokoni kesho bila mwenye nyumba kutoa senti. Nina hakika hilo halikuandikwa kwenye karatasi aliyokuletea.